Macho ya Kutus

Tulipomzika kaka yangu Nderitu mwaka jana, kijitabu cha mazishi kilikuwa na kurasa nane za picha, na mpwa wangu aliyekitengeneza alijivunia hasa zile rangi. Niliketi chini ya hema nikapewa nakala mbili, kwa kuwa mimi ni mzee na mwalimu mstaafu, nikasoma wasifu wa marehemu mpaka mwisho. Ulisema kwamba alifanya kazi katika kiwanda cha kahawa kwa uaminifu mpaka akastaafu akiheshimiwa na watu. Yote ni kweli. Kilichorukwa ni mwaka mmoja, na sikushangaa, maana walioandika hawakuwa wamezaliwa, na sisi tuliokuwapo tulikubaliana bila kukaa kikao kwamba habari hiyo isizungumzwe. Tumebaki wawili tunaoijua, mimi na mdogo wetu Njogu, na Njogu siku hizi husahau hata kama amekunywa chai. Miaka yote niliyofundisha baiolojia niliwasimulia wanafunzi kisa hiki kama mfano wa kubuni, nikiwaita wahusika A na B. Naona wakati umefika wapewe majina yao.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaajiriwa bila mafunzo yoyote kufundisha katika shule ya harambee iliyojengwa kwa mabanzi karibu na Giakanja. Maabara yetu ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ndani yake mlikuwa na hadubini isiyo na kioo, chura ndani ya chupa, na kitabu kimoja ambacho mimi peke yangu niliruhusiwa kukishika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na kiburi cha mtu aliyewatangulia wanafunzi wake kwa sura moja tu. Nilikaa nyumbani, na msimu wa kahawa ulipofika niliingia kazini kama wengine. Matunda ya siku hiyo tuliyamwaga juu ya magunia uani, tukayachambua kabla ya kuyapeleka kiwandani, mekundu huku, ya kijani na yaliyokauka kule. Mama alikuwa na tabia moja ambayo sikuitilia maanani. Nderitu akimaliza debe lake, mama alilivuta taratibu, akalimwaga mbele yake na kulichambua upya, huku akiendelea na mazungumzo ya bei ya sukari au ya padri mpya. Kuhusu debe hakusema lolote, na Nderitu pia hakusema. Nilidhani ni mwanamke asiyeridhika na kazi ya mtu mwingine, kwa kuwa hata vyombo nilivyoosha mimi aliviosha tena.

Nderitu alikuwa karani wa mizani kiwandani, na kwa mizani hakuwa na mpinzani. Mwaka huo mkaguzi wa zamani aliacha kazi, na kamati ya ushirika wa kiwanda ikaona heri imweke yeye pale mlangoni, ambapo wakulima humwaga kahawa yao na mkaguzi huamua kama itapimwa au itarudi kuchambuliwa. Ni kazi ya heshima, na nyumbani tulichinja kuku. Wiki ya tatu maneno yakaanza. Walisema anapitisha kahawa mbichi ya fulani na kuirudisha nzuri ya fulani, tena mbele ya watu, bila haya. Waliorudishiwa walisema anataka kuletewa kitu. Waliopitishiwa walinyamaza, na kunyamaza kwao kukawa ushahidi. Shehena ya kiwanda chetu iliposhushwa daraja, kamati haikuhitaji kutafuta mchawi mbali.

Walikuja kwetu Jumapili moja baada ya kanisa, wazee wanne, wakaketi katika chumba cha wageni chenye vitambaa vyeupe migongoni mwa viti. Mimi na mama tulikuwa jikoni, na ukuta kati yetu haukufika darini, kwa hiyo tulisikia hata vijiko vikikoroga chai. Mwenyekiti, Mzee Gathogo, alikuwa mtu wa haki na mwenye sauti ya chini. Alimweleza baba kwamba hawataki kumwonea kijana. Wanampa nafasi akapimwe macho mjini Nyeri, na kama macho yake ni mazima, basi jina lake litasomwa mbele ya mkutano wa wanachama kwamba amekula hongo, na atafukuzwa. Baba alisema sawa. Mama alikuwa akimenya nduma, na kisu kikasimama. Mimi niliona ni jambo jema kabisa, kwamba hatimaye mtu ameitaja sayansi.

Nderitu alikwenda Nyeri akarudi na barua. Daktari alimsimamisha mbali na kibao cha herufi, na kaka yangu akazisoma zote, pamoja na zile ndogo za mstari wa chini ambazo watu wengi huzikisia. Barua ilisema macho yake ni mazima kuliko ya kawaida. Aliileta nyumbani akiwa na furaha, na alishangaa kwamba hakuna aliyefurahi naye. Kuanzia siku hiyo alipita njia ya mtoni ili asikutane na watu, na chakula chake mama alikifunika kwa sahani mpaka kikapoa. Nakumbuka bakuli la githeri lililokaa mezani tangu mchana mpaka mbwa akapewa. Nilimwonea huruma, lakini pia nilimshuku. Nalisema hilo wazi kwa sababu kijitabu cha mazishi kilisema dada yake alimwamini daima.

Jibu nililipata kwa bahati, siku nilipokuwa nikifuma sweta uani. Nilimwomba Nderitu anirushie uzi mwekundu kutoka kikapuni. Akauliza, "Ni ile ya juu ama ile ya chini?" Nikamwambia ni mwekundu, nyuzi ziko tatu tu. Akanirushia wa kijani. Nilidhani ananichezea, nikamwambia tena, akaniletea wa kahawia, na usoni mwake nikaona ile hali niliyoizoea kwa wanafunzi wangu, ya mtu anayesubiri kuambiwa kama amepata au amekosa. Nilikuwa nimesoma sura hiyo wiki ile ile. Nilimketisha chini nikampa uzi mmoja mmoja. Alizipanga kwa weupe na weusi wake, si kwa rangi. Nilimuuliza jinsi alivyokuwa akichuma kahawa tangu utotoni.

"Nafinya," alisema. "Ile imeiva ni laini. Lakini hapo kwa mlango huwezi finya debe yote, watu wako kwa laini wanangoja." Kisha akaniuliza kitu ambacho sijakisahau. "Kwani nyinyi mnaiona tu, hivyo hivyo? Mimi nilikuwa nafikiria nyote mnabahatisha, ni vile tu mko na bahati kunishinda."

Nililia kidogo, halafu nikafurahi kupita kiasi, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Kitabu kilieleza yote. Uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani umebebwa na jeni iliyo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, na moja ikiwa na kasoro, nyingine humtosha, kwa hiyo yeye huona vizuri na wala hajui alichobeba. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo huipata kwa mama yake. Akipata yenye kasoro, hana ya akiba. Nilikwenda jikoni nikamweleza mama yote hayo kwa haraka, nikichora kwa mkaa sakafuni. Aliendelea kupepeta maharagwe mpaka nikamaliza.

"Hiyo kitabu yako," akasema, "imesema inatoka kwa mama?"

"Ndiyo, maitu."

"Basi ifunge."

Nilidhani hajaelewa. Nikaanza upya, akanikatiza kwa mkono. Alisema kwao Kutus wanaume wako hivyo, ndugu zake wawili, na mjomba wake kabla yao, na wanawake wa nyumba hiyo wamechambua nyuma yao bila kufungua mdomo tangu zamani, kwa sababu kuna wasichana wa kuolewa. Alisema nami pia ni msichana wa kuolewa. Ndipo nilipoelewa lile debe lililomwagwa upya kila jioni. Nilikuwa nimegundua, kwa msaada wa kitabu kilichopigwa chapa ng'ambo, kitu ambacho mama yangu alikijua akiwa na umri wa miaka saba. Nilimuuliza basi Nderitu aitwe mwizi? Akasema ataomba Mungu. Ndani ya mioyo yetu tulijua, yeye na mimi, kwamba hilo halikuwa jibu.

Jumamosi nilikwenda Kutus bila kuaga, nikiwa na nyuzi zangu kwenye kiondo. Mjomba Munene, ndugu mkubwa wa mama, alikuwa na shamba la nyanya na nyumba yenye kalenda tano ukutani, zote za miaka iliyopita. Alinikaribisha kwa uji na viazi vitamu, akaniuliza habari za kila mtu kwa zamu, pamoja na za ng'ombe. Nilipotoa nyuzi alicheka, akazipanga mezani katika mafungu matatu, nyekundu na kijani na kahawia zikichanganyika. Niliandika daftarini kila uzi alipouweka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na aliponitazama nilijua ni nani anayechambua zile nyanya kabla hazijaenda sokoni. Nilipomwambia mjomba kuhusu Nderitu aliacha kucheka. Alisukuma bakuli lake la uji kando. Kisha akasema msichana wa kwao akishaolewa, jambo hilo halisemwi mahali alikoolewa, lakini kijana naye hawezi kufukuzwa kama mwizi kwa sababu ya macho ya kwao. Atakuja, alisema, na mama yangu atamsamehe akitaka.

Nilikuwa na mpango, na mpaka leo naona ulikuwa mpango mzuri. Mtu anayejifanya haoni rangi hukosea ovyo. Watu wawili wenye kasoro moja hukosea kwa namna moja. Nilimwomba Mzee Gathogo anipe nafasi kiwandani, akanipa, kwa kuwa alinifundisha somo la dini nikiwa mtoto. Siku hiyo chumba cha kamati kilinuka kahawa iliyochacha, na dirishani tuliona vitanda vya kuanikia vikishuka mpaka mtoni. Walikuwapo wazee, baba yangu, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, tuliyemwita Tata. Alikuwa mwanachama kwa haki yake mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki nje. Nderitu aliwekwa ofisini, mjomba akawekwa kwenye ghala, na kila mmoja akapewa nyuzi ishirini zile zile zilizokatwa sawa. Walipomaliza, wazee walitembea huku na huku wakilinganisha. Mafungu yalikuwa yale yale. Uzi wa kijani niliouweka kama mtego wote wawili waliuweka pamoja na mwekundu. Nami nikaanza kueleza kromosomu.

Tata ndiye aliyenisimamisha. Lazima msomaji ajue kwamba kwetu mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, na mtoto huyo si ukumbusho wa babu tu, ni babu aliyerudi. Wa pili huitwa jina la baba wa mama, naye huhesabiwa wa upande huo. Nderitu alibeba jina la baba yake Tata, na tangu alipozaliwa Tata alimwita "baba" na kumpa kiti anapoingia. Babu Nderitu alisifika kwa macho yake, na watu walisema aliweza kutambua mbuzi wake kutoka ng'ambo ya bonde. Tata hakupandisha sauti.

"Huyu ni baba yangu," alisema. "Baba yangu hakuwa na macho ya Kutus. Kama kuna mtu anaweza kuwa nayo ni Njogu, huyo ndiye wa kwao. Mwite."

Njogu aliitwa kutoka nje, akazipanga nyuzi zote bila kosa hata moja, haraka kuliko mimi. Wazee wakatikisa vichwa. Mambo yote yalibadilika pale pale, nami niliyaona yakibadilika nisijue la kufanya. Ikiwa aliyepaswa kuwa na macho ya Kutus hana, basi asiyepaswa anawezaje kuwa nayo? Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba mjomba na mpwa wamefundishana kukosea. Nilichora ubaoni. Nilisema baba hampi mwanawe wa kiume X yoyote, kwa hiyo Babu Nderitu, pamoja na jina lake lote, hakuwa na njia ya kumfikishia mjukuu huyo macho yake. Nilisema jina huandikwa na watu na jeni haijui kusoma. Walinisikiliza kwa adabu, jinsi mtoto anavyosikilizwa akisoma shairi, na Mzee Gathogo akaanza kukunja karatasi zake. Nderitu alikuwa ametoka ofisini akasimama mlangoni. Alinitazama, na sijawahi kuona haya kama niliyoona siku ile, kwa sababu nilimpa matumaini kisha nikashindwa.

Mama alikuwa nje pamoja na wanawake waliochambua kahawa yao kwenye magunia. Sijui alikuwa amesikia kwa muda gani. Aliingia na vidole vyake vimekolea utomvu wa matunda, akampita mumewe na kaka yake bila kuwaangalia, akasimama mbele ya meza. Tulizungumza Kikuyu siku zile, lakini maneno yake nimeyahifadhi kwa Kiswahili chetu cha mlimani, ambacho hakijali ngeli na hakiombi radhi.

"Mzee, hiyo macho ni ya kwetu," alisema. "Nderitu aliitoa kwangu. Nilijua akiwa mtoto nikanyamaza, na kila siku nimekuwa nikichambua nyuma yake ndio nyinyi msijue. Ni mimi niliingiza hii kitu kwa hiyo nyumba. Mtu wa kuulizwa ni mimi, si yeye."

Baba alitazama kofia yake. Tata aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Mzee Gathogo akasema jambo limeisha, kwa kuwa hakuna mwanamke anayeweza kujisemea hivyo bure. Nyuzi zangu zilikuwa bado juu ya meza na hakuna aliyezitazama tena. Nilichokifanya kwa daftari na michoro hakikumwokoa kaka yangu. Aliokolewa na aibu ya mtu mmoja aliyekubali kuitoa mbele ya watu, na kamati iliielewa aibu kuliko ilivyoelewa X. Nimefundisha urithi wa chembe za uhai kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na sijawahi kuingia sura hiyo bila kuikumbuka.

Nderitu alirudishwa kwenye mizani wiki hiyo hiyo, na jina lake halikusomwa popote. Bei yake aliilipa mama. Tata hakukanyaga kwetu kwa miaka sita, na katika arusi na matanga ya ukoo mama alipewa kazi za jikoni za nyuma, zile za kuosha, hata alipokuwa na umri wa kuketi na wakubwa. Baba hakumlaumu kwa neno lolote, lakini aliacha kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi yao, akawa anamwita kwa jina langu. Kulikuwa pia na watu wa Mathira waliopanga kuja kuniposa, nao wakaona ghafla kwamba njia ya kuja kwetu ni mbovu. Niliolewa baadaye sana, nikazaa wavulana wawili, na mmoja wao haoni nyekundu. Yeye hufuga nyuki na hana shida na mtu.

Lakini siku ile tulirudi nyumbani mimi na mama peke yetu, kwa ile njia ya kupanda kati ya mibuni. Yeye alitangulia. Nilitaka kumfariji, na chombo pekee nilichokuwa nacho ni kitabu, kwa hiyo nilimwambia tena kwamba hakufanya lolote baya, kwamba ni bahati tu, nusu kwa nusu, kwamba hata Njogu angeweza kuipata na Nderitu akaikosa, kwamba kisayansi si kosa la mtu. Alisimama akanigeukia, na nikaona kwamba alikuwa akilia tangu tulipotoka kiwandani.

"Najua si makosa," akasema. "Ingekuwa makosa ningeomba msamaha iishe."